Koti la Baba Katika Mchezo wa Kutisha

Mtu akiniuliza ni nani aliyemlilia baba yangu, namjibu: watu wa Butembo ambao wengi wao sikuwajua hata kwa sura, na walimlilia kwa kosa langu. Wengine hucheka wakidhani natania. Sitanii. Wachache nilipata kuwashukuru uso kwa uso, waliobaki nawashukuru hapa.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Tulikuwa tumeshaishi Butembo miaka minne, mama, wadogo zangu wawili na mimi, tangu tulipohama Beni. Beni ni joto, malori, na harufu ya kakao iliyoanikwa mbele ya nyumba. Butembo ni baridi na ukungu, na mimi mtoto wa joto nilinung'unika miaka yote minne, mpaka wadogo zangu wakaniita Bibi wa Baridi. Tulihama kwa sababu ya baba. Asubuhi moja alipanda pikipiki kwenda shamba lake la kakao upande wa Oicha, na siku ile ile wauaji waliingia kwenye mashamba yale. Waliokimbia walirudi. Waliouawa waliokotwa, wakazikwa. Baba hakuonekana kati ya hawa wala kati ya wale.

Kwetu, mtu akipotea namna hiyo, ndugu wanangoja, halafu wanazika mgomba. Wanakata shina, wanalifunga shuka, wanalilaza kaburini mahali pa yule asiyeonekana, na watu wanakaa matanga kama kawaida. Baba mkubwa, yaani kaka yake baba, alitoka Beni mara tatu kuja kumwomba mama akubali. Mara tatu mama alimpa chai, akamsikiliza kwa adabu yote, akamjibu maneno yale yale.

"Shemeji, mutu mwenye sijaona maiti yake, siwezi kumulilia. Nikimulilia, njo nimemuua mimi."

Basi kwetu nyumbani kulia kulikatazwa. Mdogo wangu wa mwisho alimtaja baba siku moja huku midomo ikimtetemeka, mama akamkata hapo hapo: nyamaza, baba yako iko safarini. Koti jeusi la baba, lile la misa ya Jumapili, lilikaa kwenye valizi, begi la safari, chini ya kitanda. Kila mwisho wa mwezi mama alilitoa, akalipiga pasi ya makaa, akalikunja, akalirudisha, liwe tayari siku mwenyewe atakapofika. Mimi nilikuwa nimeshajua kwamba hatafika. Nilitaka kitu kimoja tu, na hata leo naona haya kukisema: nilitaka mama akubali kwamba baba amekufa, tumlilie, halafu tulale usingizi. Niliposema hivyo mara moja, nilipigwa kofi. Sikusema tena.

Nikajiunga na kikundi cha mchezo cha parokia, kwa sababu Jumamosi mchana nyumba yetu ilinishinda. Tulikuwa vijana kumi na wanne. Kiongozi wetu alikuwa mwalimu wa Kifaransa tuliyemwita Madame, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Siku moja alileta fotokopi za mchezo wa zamani wa Ulaya, bila jalada, wenye kurasa zilizofifia. Ulikuwa mchezo wa kutisha: tajiri mwenye jumba la mawe anakufa, wanamlaza ndani ya sanduku, watumishi wanakimbia mmoja mmoja, na binti yake peke yake anabaki kulinda maiti jioni tatu. Jioni ya tatu kifuniko kinafunguka, maiti anatoka, anawafuata walio hai.

Wazazi wengine walikuja juu. Mzee mmoja wa baraza la parokia alimuuliza Madame kama batoto ya huku walikuwa wamekosa woga mpaka aagize mwingine Ulaya. Madame akamjibu kwamba woga wa huku hakuna anayeweza kuuzima, lakini huu wa kwenye karatasi, ukikuchosha unafunga daftari unaenda kula. Mzee aliguna, ila ufunguo wa sale, ule ukumbi wa parokia, alitupatia. Madame akautafsiri mchezo wote kwa Kiswahili ili mama zetu wa soko wausikie.

Ukungu hatukuutafuta, Butembo ina wa kwake, unaingia hata madirishani. Ngurumo tuliipiga kwa bati la zamani. Shida ilikuwa maiti. Vijana wote Wakatoliki walikataa kulala ndani ya sanduku, wakisema anayejipima sanduku analiita lije. Hata mpiga ngoma wetu, mtu wa kujisifu kila saa, alisema tumbo linamuuma. Akajitolea kijana mmoja Mwislamu, mrefu kama nguzo, ambaye baba yake alikuwa na lori la kubeba mizigo kati ya Butembo na Beni.

"Sisi hatuzikwake mu sanduku," alisema, meno yote nje. "Tunafungwaka mu sanda, basi. Hiyo sanduku yenu hainijue."

Tulicheka mpaka Madame akapiga meza. Mimi nikapewa nafasi ya binti. Neno langu la kwanza lilikuwa fupi: mtumishi mgeni anaingia, anaona sanduku, anauliza, "Ni nani huyu?" na mimi najibu, "Ni baba yangu." Baada ya hapo nilitakiwa kulia. Na hapo, ndugu yangu, ndipo niliposhindwa. Nilifinya macho, nilijichubua mkono kwa kucha, nilimfikiria mbwa wetu wa Beni aliyegongwa na lori. Bure! Miaka minne ya kunyamazishwa ilikuwa imenikausha.

"Unalia kama mutu mwenye anakata bitunguru," Madame alisema mbele ya wote. "Nakupa juma moja. Ikikatala, nitamupa mwingine."

Nilikasirika sana. Mimi hasira zangu ni za haraka, zinachemka kama maziwa, na zikichemka nafanya upumbavu. Siku ile nilifika nyumbani mama akiwa bado soko kuu, ambako aliuza maharagi na viazi vya kutoka Kipese. Nikavuta valizi, nikalichukua koti la baba. Nilijiambia ni kwa ajili ya mchezo, maiti wetu hakuwa na koti jeusi, na kweli hakuwa nalo. Lakini pia nilitaka kumwona mtu amelivaa. Mwisho wa mwezi ulikuwa mbali, mama hangejua.

Sanduku lenyewe tuliahidiwa na seremala mmoja wa mtaa wa juu. Alikuwa nalo moja ambalo alikosea vipimo, likawa refu mno na wenyewe wakalikataa, akasema tulichukue Jumamosi tulitumie mpaka mchezo uishe. Jumamosi ile Madame alikuwa na mkutano wa wazazi shuleni. Alituachia maagizo mawili. La kwanza, twende tumeshavaa nguo nyeusi za mchezo ili tuzizoee. La pili, njiani tusicheke, tukae ndani ya mchezo.

Sasa sikiliza kosa letu. Butembo sanduku tupu linabebwa wazi. Mmoja anabeba sanduku, mwingine anatangulia na kifuniko kichwani, na kila mtu akiona anajua ni kazi ya seremala inapita, anaendelea na safari yake. Tulijua. Nani asiyejua? Lakini mvua ilianza kunyunyiza, na tulikuwa na bati la ngurumo, mashuka na koti la baba ambalo nilikuwa sijampa yule mrefu, vitu vya mazoezi ambavyo hatukutaka vilowe. Tukaviweka ndani, bati chini, koti juu kabisa, nikalikunja mwenyewe. Tukafunga kifuniko. Wavulana wanne wakaliweka mabegani, yule mrefu mbele upande wa kulia, na kwa kuwa barabara ilikuwa tope la kuteleza wakatembea pole pole. Sisi wasichana tukafuata nyuma na nguo zetu nyeusi, vichwa chini, hatucheki.

Motari wa kwanza alizima pikipiki yake na kuvua kofia. Nikadhani anatuchokoza. Wa pili alikata tawi la mti kando ya barabara, akalifunga mbele ya pikipiki, akatufuata polepole akipiga honi, kama wanavyofanya kwa maiti. Baada ya dakika kumi walikuwa zaidi ya ishirini. Wauza mihogo walisimama. Fundi cherehani alitoka na utepe wa kupimia shingoni, akafanya ishara ya msalaba. Mpiga ngoma wetu akaninong'oneza, "Tubaambie ni mchezo." Nikamjibu akae ndani ya mchezo, kama Madame alivyosema. Kiburi kibaya kile. Kwa mara ya kwanza watu walitusadiki, nikafurahi moyoni.

Karibu na kona ya soko dogo mama mmoja mnene, mwenye kapu la sombe, majani ya mihogo, kichwani, alinishika bega.

"Pole, mwana wangu. Ni nani huyu?"

Nikajibu bila kufikiri, neno langu la kwanza, lile la kila Jumamosi.

"Ni baba yangu."

Kapu lilishuka chini. Mama yule akaweka mikono kichwani na kupiga yowe ambalo bado nalisikia, na wenzake wa soko wakaitikia. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilifungua mdomo kusema hapana, ni mchezo tu. Badala yake zilitoka kamasi. Nililia barabarani, nikashikwa mkono na mtu nisiyemjua, nikalia kilio cha miaka yote minne, na wenzangu walionijua wakaanza kuniangalia kwa hofu.

Tulipofika sale ya parokia tulikuwa na watu wa kujaza misa. Huku nyuma, akina mama walikuwa wamegawana kazi bila kuulizana, kama wanavyofanya kila mara: huyu kuni, huyu unga wa fufu, yule maharagi, mwingine sufuria kubwa la kuazima. Wamotari wakapanga mabenchi. Yule mrefu alitua sanduku mbele ya sale, akageuka, akawaambia watu ukweli: samahani, hakuna maiti, sisi ni batoto ya mchezo. Halafu motari mmoja akatutukana kwa Lingala, matusi marefu, na alikuwa na haki.

Nilikuwa nikitafuta pa kujificha niliposikia sauti ya mama.

Alikuwa amekimbia kutoka soko kuu, kiatu kimoja mguuni. Huko habari ilikuwa imefika hivi: mutoto yako iko nyuma ya sanduku, anasema ni baba yake. Watu walimpisha. Hakuniangalia hata kidogo, macho yake yalikuwa kwenye sanduku.

"Bamemuleta?" aliuliza. "Bamemuleta kweli? Mufungue. Muniachie nimuone."

Mungu anisamehe. Nimefanya makosa mengi maishani, lakini lile la kumwacha mama yangu aulize hivyo mbele ya watu linanichoma mpaka leo. Nikapiga magoti kwenye tope na kumwambia, mama, haiko yeye, ni mchezo, ni mimi. Hakunisikia. Alikisukuma kifuniko mwenyewe. Na pale juu, lililokunjwa vizuri, akaliona koti.

Alilitoa. Akalinusa kwenye kola. Akaondoa mashuka moja moja, akafika kwenye bati, akaligusa kwa vidole, bati likatoa ngurumo ndogo. Chini ya bati hapakuwa na kitu. Nilingoja kofi, na ningelipokea kwa mikono miwili. Mama akakaa chini palepale, akalilaza koti mapajani jinsi unavyomlaza mtoto, akasema, "Kumbe haurudie." Akasema tena, taratibu. Halafu akalia. Sijawahi kumsikia mtu akilia vile, na sikutamani aache.

Sasa watu wangeweza kwenda. Hakuna ambaye angewalaumu, walikuwa wamedanganywa na watoto. Yule mama wa sombe alinivuta pembeni, akaniuliza ukweli wote, nikamweleza: shamba la Oicha, miaka minne, mgomba uliokataliwa. Alifunga kitenge chake upya kiunoni, akawageukia wenzake.

"Bitu bya matanga habirudiake ku nyumba," alisema. "Muwashe moto."

Wakawasha. Wakapika pale uani, chini ya mahema ya parokia, mvua ikiendelea kunyunyiza. Motari aliyetutukana ndiye aliyeleta maji, madumu manne kwa pikipiki yake, na aliponipita alinigonga kichwa kwa kidole, akasema, "Wewe!" basi. Mkatekista aliongoza rozari. Baba wa yule kijana mrefu alisimamisha lori lake, akakaa na wazee wenzake wa msikiti kwenye benchi la nyuma, viganja wazi. Madame alifika kutoka mkutanoni, akaona umati, akaniona mimi uso umevimba. Alianza kuosha sahani, na wakati akiosha aliniambia nafasi ya binti ni yangu. Tuliambiwa baba alikuwa mtu mzuri na watu ambao hawakuwahi kumwona. Wadogo zangu wawili waliletwa, wakalia, wakala, wakalala juu ya mapaja ya akina mama wageni. Mpaka leo sijui majina ya wengi wa watu wale. Wasingya, yaani asante, tunasema kwa Kinande. Wasingya kwenu nyote.

Siku ya nne mama alitoa koti, akashona kitufe kilicholegea, akaniita.

"Huyu kijana mrefu, anavaaka koti ya nani mu mchezo?"

Nikamwambia hana.

"Avae hii. Lakini ukiisha muchezo, inaenda mu udongo. Umuambie baba yako mukubwa akate mugomba."

Mchezo tuliucheza mara mbili Butembo, na sale ilijaa wamotari waliokuja kuona walidanganywa na nini. Mara ya mwisho tuliuchezea Beni, saa nane mchana, kwa kuwa Beni watu wanapenda kuwa kwao mapema. Tulishuka na lori la baba wa kijana mrefu, sanduku likiwa wazi, kifuniko pembeni, somo tulikuwa tumelipata. Joto lilinipokea usoni nikafurahi kama mjinga. Kesho yake asubuhi ndugu wangeuzika mgomba kwenye kiwanja cha familia. Shimo lilikuwa limeshachimbwa. Mama alikaa mstari wa mbele na baba mkubwa, kitenge kipya, mikono mapajani.

Sitasema tulicheza vizuri. Mtumishi alisahau maneno, na mpiga ngoma alipiga ngurumo kabla ya umeme. Lakini jioni ya tatu ya mchezo ilipofika, nami nimepiga magoti pembeni ya sanduku, kifuniko kikasogea taratibu, mkono ukatoka katika mkono wa koti la baba. Wasichana walioketi nyuma wakapiga kelele. Mtu akamwita Bikira Maria. Yule mrefu akainuka, akakaa, uso umepakwa majivu, akaanza kugeuza kichwa kuelekea watu, kama ilivyoandikwa.

Mama akasimama. Hakupaza sauti. Alisema naye jinsi alivyokuwa akisema na baba alipochelewa kulala, akiwa na shamba kesho yake.

"Lala, baba ya batoto. Lala tu. Tulishakulilia."

Mchezo ulitaka maiti atoke, atufuate mmoja mmoja, kurasa tano nzima. Yule kijana alimtazama mama yangu. Kwetu mama akisema, mtoto anatii, awe wa dini yoyote, awe hai au amekufa kwenye mchezo. Akaitikia, "Ndiyo, mama," akajilaza tena, akanyoosha koti kifuani lisikunjamane. Madame hakumwita ainuke. Nikashika kifuniko upande mmoja, mama akapanda akashika upande wa pili, tukamfunika.